Sindano za Tumboni

Mimba ilipofika mwezi wa nne, mguu wangu wa kushoto ulivimba hadi kiatu kikakataa kuingia. Hospitalini Masasi daktari aliniambia damu imeganda kwenye mshipa wa paja, na bonge lile likipanda mapafuni litaniua. Nikapewa sindano za kuzuia damu isigande. Nijichome mwenyewe tumboni, kila asubuhi.

Nikarudi Mkunya kwa mama mkwe, niliyekuwa nikiishi naye mume wangu akiwa kazini Mtwara. Asubuhi ya kwanza alinikuta nimepandisha gauni, sindano mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto yumo humo, nawe unamchoma?"

Nilimweleza kwamba inaishia chini ya ngozi, haimfikii mtoto. "Haya," akasema, akarudi kumenya muhogo. Lakini tangu hapo kila nikifunga mlango nilisikia ndara zake zikisimama nje. Tumbo langu lilijaa madoa meusi ya sindano. Majirani wakawa wananyamaza nikipita. Nilijua wanachosema: anatoa mimba.

Kisha sindano moja ikapotea, nzima, haijatumika. Moja kwa moja nikawaza mama mkwe kaipeleka kwa mganga. Siku mbili sikugusa chakula cha mama mkwe. Nilisingizia kichefuchefu, nikajipikia uji. Dawa nikazihamishia kwenye begi, begi nikalilalia.

Juma lililofuata, kliniki Newala, nesi aliniambia, "Mkweo alikuja hapa. Sindano kaifunga kwenye pindo la kanga. Kaniuliza mara tatu kama inaua mtoto."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia ukiacha kuchoma ndiyo hatari. Akaniuliza kama mimi na wewe tumepanga kuitoa mimba."

Nilirudi na aibu, na hasira pia. Sikumwambia kwamba najua, naye hakusema. Ila kesho yake alibisha hodi. "Umechoma? Nionyeshe." Ikawa hivyo kila asubuhi, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananijali au ananichunga.

Nilijifungua salama Masasi, msimu wa korosho, mtoto wa kike. Mama mkwe alimpokea, akamfungua kanga, akamkagua tumbo, mgongo, mapaja, akamgeuza akaanza upya.

"Hana alama," akasema.

Sindano ziliendelea majuma sita zaidi. Wakati nikijichoma yeye alimbeba mtoto, akanipa mgongo.