Siku ya Ziada ya Bwana Mita

Macho hayana pazia, na ya Bwana Mita hata kope zake zilikuwa pambo tu. Jina lake la kuzaliwa lilitumiwa na karani wa mishahara peke yake. Wengine wote walimwita Bwana Mita, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji, mtaa baada ya mtaa, geti baada ya geti. Alibisha kwa kugonga chuma kwa mpini wa bisibisi, akaingia, akapiga magoti, akafunua kifuniko, akafukuza buibui, akapangusa kioo kwa kidole gumba na kuandika tarakimu zake. Kwa msomaji mwingine kazi ingeishia hapo. Kwake yeye ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Akiona kigurudumu chekundu kinazunguka ilhali koki zote zimefungwa, alijua kuna bomba linavuja chini kwa chini, na hapo hana budi kuuliza. Bafu lile lilijengwa lini? Nani alichimba? Na yule mzee aliyekuwa akikaa barazani kila siku, yuko wapi?

Watu walimjibu. Kuna binadamu wamepewa uso wa kuulizia, naye alikuwa mmoja wao. Mara moja tu ulimi ulimponza, alipomuuliza mama mmoja kwa nini maji yao yamepanda mara mbili, je, wana wageni? Kumbe mume wake asubuhi zote alikuwa akiwaoshea rafiki zake magari pale uani, kwa malipo, mke akishakwenda kazini. Siku hiyo Bwana Mita alitoka getini kwa kasi ambayo mbwa hawajawahi kumtoa.

Sasa mtu wa namna hiyo, majaliwa yakampa mama mkwe asiyeulizika. Mkwe ni mkwe. Huwezi kumpigia magoti ukafunua kifuniko. Mama huyu, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alihamia kwao baada ya mumewe kufariki. Alikuwa mwembamba, msafi, mwepesi wa mzaha, na alikuwa na neno juu ya kila kitu, kuanzia bei ya sabuni hadi mwendo wa jirani. Juu ya vita tu ndipo hakuwa na neno. Kilichojulikana ni kwamba alipokuwa bado bibi harusi kijana, vita vilipita pale alipokuwa akiishi, akakimbia, akapona. Basi.

Nyumba ile ilikuwa na sheria yake. Redio ikianza kuzungumza habari za vita vile, aliye karibu nayo hupunguza sauti. Sheria hiyo aliiacha marehemu baba mkwe, aliyekuwa akinyanyuka mwenyewe kuelekea redioni huku akisema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo," na mazungumzo yakageuzwa kuwa ya mvua. Binti yake, mkewe Bwana Mita, akaishika sheria kama urithi. Hata Bwana Mita alishapunguza sauti ile mara nyingi, sikio likimwasha.

Ndipo macho ya Bibi yalipoanza kumsumbua, akapewa miadi ya kuonana na daktari bingwa katika jiji kuu. Wangekwenda wanne: Bibi, Bwana Mita, mkewe, na binti yao aliyekuwa likizo. Mabasi ya kurudi yalikuwa yamejaa, wakapata viti vya siku moja mbele. Mtu mwingine angesikitika. Bwana Mita alipoisikia ile siku ya ziada, moyo ulimruka, kwa sababu alijua kitu kilichokuwa nje kidogo ya jiji lile: uwanja wa vita wenyewe.

Jioni hiyohiyo alitandaza ramani juu ya meza ya chakula, akazuia kona kwa vikombe na kikopo cha chumvi. Alikuwa na kipeperushi pia, chenye picha. Akachora njia kwa penseli kutoka jijini. Kwanza mahandaki ya askari, halafu mizinga iliyoachwa kilimani, halafu makaburi yaliyopangwa safu, halafu daraja la reli lililolipuliwa likajengwa upya.

"Baba, hiyo mizinga bado inalipuka?" binti akauliza.

"Ikilipuka tutadai warudishe kiingilio."

Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kikombe cha chai mkononi. "Mnapanga kwenda wapi?" akauliza.

"Kutembea tu, Mama," mkewe Bwana Mita akawahi. "Kuona mji." Naye akalichukua sinia lenye vyombo vya chai akalitua katikati ya ramani, juu ya mahandaki, kilima na daraja, pwaa. Bwana Mita akabaki na penseli hewani.

Chumbani walikozungumza kwa kunong'ona, mke hakumung'unya maneno.

"Unataka kumuua mama yangu?"

"Mimi nataka kuona mahandaki. Yeye anaweza kubaki garini."

"Abaki garini mahali palepale alipokimbia kuokoa roho yake? Baba alituhusia kabla hajafa: mama yenu msimuulize mambo ya vita, mtamtonesha. Sasa wewe unataka kumpeleka kwa miguu yake!"

"Kuuliza si ujinga, mke wangu."

"Si ujinga. Ni ukatili."

Hilo lilimchoma, kwa sababu alikuwa akimpenda mama mkwe wake kweli, na kwa sababu hakuwa na hakika kama mkewe amekosea. Alikuwa akitaka sana kujua. Lakini mtu anayetaka sana kujua anaweza kumkanyaga mwenzake asione, na yeye alikwisha kumkanyaga mtu kwa ulimi. Akakubali yaishe. Wangekwenda kwenye bustani ya wanyama na maduka ya vitambaa. Mahandaki mwakani, panapo majaliwa. Ramani aliitia mkobani hata hivyo, akidai ni ya kutafutia vyoo vya jiji.

Kliniki ya macho ilikuwa na ukumbi mrefu wenye mabenchi ya mbao na watu waliotiwa dawa machoni, wamekaa vichwa nyuma kama wanaosubiri kunyolewa. Bibi aliingia na binti yake. Walipotoka, Bibi alikuwa akitabasamu na kupapasa ukuta. Binti yake ndiye aliyekuwa na uso uliokunjamana. Daktari alikuwa amesema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Matone yatachelewesha kilichobaki, pengine mwaka, pengine chini ya hapo, lakini giza litaendelea kuingia kutoka pembeni kwenda katikati.

"Mbona mmenuna?" Bibi akawauliza barabarani. "Macho ni yangu."

Walifikia nyumba ya wageni yenye vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa ubao. Walikula, wakapumzika, na jua likiwa bado kali dirishani wakakutana chumbani kwa Bibi kupanga kesho yake. Mkewe Bwana Mita akaeleza habari za bustani ya wanyama kwa sauti ya furaha ambayo haikumdanganya hata mjukuu.

"Nikaangalie tumbili?" Bibi akasema. "Tumbili niliwaona zamani nikiwa na macho mazima, nao wakaniona. Ile safari nyingine imefia wapi?"

"Safari gani, Mama?"

"Ile ya chini ya sinia."

Bwana Mita alikazia macho vidole vyake vya miguu.

"Kinachoumwa ni macho," Bibi akaendelea. "Masikio yangu hayajambo. Na mnanong'ona kama watu wanaopura maharage."

"Mama, mimi nilikataa kwa ajili yako," binti yake akasema. "Baba alituhusia tusikuulize. Alisema utaumia."

Bibi alishika pindo la kanga yake akalinyoosha juu ya goti, akalinyoosha tena.

"Alisema mimi ndiye nitakayeumia?"

"Ndiyo, Mama."

"Baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, sina la kumsema. Lakini aliyekuwa hawezi kusikia ni yeye. Nilikuwa nikifungua mdomo tu, anainuka anatoka nje. Nikanyamaza kwa ajili yake. Alipofariki nikajisemea, sasa watoto wataniuliza. Nikangoja. Nikaona na ninyi mnapunguza redio." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nikadhani mmechoshwa na habari za wazee."

Binti yake alilia waziwazi. Na Bwana Mita? Mwenye kusimulia haya hatamfichia: aliona haya hadi masikioni, na chini ya haya ile, udadisi ulikuwa umesimama wima ukingoja.

"Hebu nipe hiyo ramani ya vyoo," Bibi akamwambia.

Akaitandaza kitandani penye mwanga. Bibi aliinama, akageuza kichwa huku na huku akiitafuta karatasi kwa lile eneo la katikati lililobaki la macho yake.

"Haya ni nini?"

"Mahandaki, Mama."

"Hayo ya askari, siyajui. Na hapa?"

"Mizinga."

"Niliisikia tu, sikuiona. Reli iko wapi?"

Bwana Mita akakiongoza kidole chake kwenye mstari mweusi, wakaufuata pamoja mpaka darajani, wakalivuka.

"Mbele ya daraja kuna stesheni ndogo," Bibi akasema. "Ina tangi la maji, kubwa, limeinuliwa juu ya nguzo za mawe. Kama halijaanguka."

"Stesheni imechorwa, ila kwenye kipeperushi hawajaandika kitu."

"Wataandika nini? Pale hapakupigwa risasi hata moja. Tulilala tu, wanawake na watoto, tumejaza bohari nzima ya mizigo, tunangoja treni." Akainua uso kumwelekea mkwewe. "Uliza basi, baba. Miaka yote hii nakuona umevimba mashavu."

Hapo sasa. Maswali aliyoyalimbikiza tangu aoe, mengine ameyapanga kwa utaratibu akiwa kazini, yalimtoroka yote kama kuku waliofunguliwa banda. Aliyeuliza ni mkewe, akiwa bado na machozi kidevuni.

"Ulikuwa na nani, Mama?"

"Nilikuwa na kaka yako."

Feni ilizunguka darini. Mke wa Bwana Mita alikuwa dada mkubwa wa watu tangu azaliwe. Ndiye aliyewabeba wadogo zake mgongoni, aliyewaamua ugomvi, aliyeambiwa kila siku wewe ndiye wa kwanza, onyesha mfano.

"Mimi sina kaka," akasema polepole.

"Unaye. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, anashika sketi yangu, anaanguka, anacheka. Homa ilimchukua kabla treni haijafika. Tulimzika nyuma ya tangi, penye kivuli, mimi na mama mmoja ambaye hata kwao sikupajua. Baba yako alikuwa vitani. Aliporudi akaniona sina mtoto, hakuniuliza. Nikajaribu kumwambia, hakuweza." Akakiweka kidole palepale kwenye ramani, asikiondoe. "Sijawahi kurudi. Nani angenipeleka, na hakuna aliyejua kwamba nina mahali pa kwenda?"

Binti mdogo alikuwa amesogea hadi ubavuni mwake. "Alikuwa anaitwa nani, Bibi?"

"Nitawatajia tukifika, mjukuu wangu. Nataka nilitaje jina lake palepale, nikiwa bado napaona."

Mkewe Bwana Mita alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. Akatoa penseli mfukoni mwa shati la mumewe bila kuomba, akainama, akachora mstari kutoka jijini moja kwa moja hadi pale penye kidole cha mama yake, akikandamiza hadi karatasi ikatoboka.

"Gari la kwanza la kwenda huko linaondoka saa ngapi?"

"Sijui," Bwana Mita akajibu.

"Basi nenda kaulize."