Mcheza Tenisi na Ukuta wa Parokia

Alipofika kwangu Old Moshi nilidhani ni mwanamuziki. Mgongoni alibeba mfuko mrefu mweusi, na alikuwa mrefu kiasi kwamba ilimbidi ainame kuingia sebuleni. Mwaka huo nilikuwa nimestaafu unesi, na binti yangu alikuwa ameviweka mtandaoni vyumba vyangu viwili vya nyuma, kwa ajili ya wageni wanaotaka kuutazama mlima bila kuupanda. Huyu alikuwa mgeni wangu wa tatu.

"Hilo ni gitaa?" nilimuuliza kwa Kiingereza changu cha wodini.

"Ni raketi, Mama. Ziko sita. Mimi ni mcheza tenisi."

"Wa kulipwa?"

Akacheka. "Wa kulipwa, ndiyo. Ila si sana."

Alitoka Serbia, alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alinieleza kwamba wachezaji wa dunia nzima wamepangwa kwenye orodha moja, na kwamba ukitaka kuliona jina lake inabidi uteremke mpaka kidole kichoke. Kwenye mashindano ya Nairobi alikuwa ametolewa mechi ya kwanza tu. Mashindano mengine madogo yalikuwa Mombasa, wiki tatu mbele, na kwenda kwao kisha kurudi aliona ni kujisumbua. Mtu fulani alimwambia mazoezi ya kwenye mwinuko yanafungua mapafu. Akatazama ramani, akauona mlima wetu, ndivyo alivyonifikia.

Siku ya kwanza nilimfundisha shikamoo. Kosa langu ni kwamba sikumweleza wanaoamkiwa hivyo ni akina nani. Kesho yake aliteremka njia ya shule akiwaamkia watoto wa darasa la kwanza, mmoja mmoja, kwa heshima zote. Wakaitikia marahaba wakicheka mpaka wakaangusha madaftari. Nilipomrekebisha alisema ameshazoea, na wao wameshazoea, kwa hiyo tuache tu.

Kiwanja cha tenisi kilikuwa mjini, kwenye klabu, na alikwenda huko mara mbili kwa wiki. Siku nyingine alihitaji ukuta. Kwetu huku nyumba zimezungukwa na migomba na kahawa, na ukuta mrefu usio na dirisha ni mmoja tu, wa nyuma ya ukumbi wa parokia. Paroko alimruhusu. Hakuna aliyekumbuka kuiuliza kwaya ya akina mama.

Mimi naimba sauti ya pili. Siku hiyo tulikuwa katikati ya wimbo wa ekaristi ukuta ulipoanza kupiga. Pa. Pa. Pa. Tukaendelea kidogo, kisha mwalimu wetu wa kwaya, mama mmoja mnene asiyependa mzaha, akashusha mkono na kutoka nje. Wote tukamfuata.

"Kijana," alisema, "unatuharibia mapigo."

"Shikamoo," akajibu mgeni wangu.

"Marahaba. Bado unatuharibia mapigo."

Nikamtafsiria. Akafikiri, akaniambia nimuulize mwalimu anataka mapigo gani. Mwalimu akampigia makofi ya mwendo aliokuwa anautaka. Kijana akarudi kwenye ukuta, akarusha mpira, akaupiga sawasawa na makofi yale, mara ishirini, thelathini, bila kukosea. Mwalimu alitazama hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Huyu anashika mwendo kuliko nyinyi," alituambia. Tangu siku hiyo tuliimba ukumbini naye akipiga nje, na tuliokuwa tunauvuta nyuma wimbo tulijulikana.

Jioni alinisaidia kumenya ndizi za supu ya mtori, vibaya, akipoteza nusu ya ndizi kwenye ganda. Hapo ndipo niliposikia habari za maisha yake. Alianza akiwa na miaka sita. Alikuwa amelala kwenye viwanja vya ndege mara nyingi kuliko hotelini. Mashindanoni aliwafungia wenzake nyuzi za raketi ili apate nauli ya kwenda mashindano yanayofuata, na mara moja alifungwa na mtu aliyekuwa amemfungia nyuzi asubuhi ile ile.

"Kwa nini usiache?" nilimuuliza. Nilimuuliza kama ambavyo ningemuuliza mwanangu.

Alimenya kidogo ndipo akajibu. "Kila wiki kuna mpira mmoja au miwili ninayoipiga sawa kabisa na wale wa juu. Nikiipiga najua. Tatizo, Mama, mechi ina mipira mingi."

Wiki ya tatu ikafika, na Mombasa jina lake lilikuwa bado kwenye orodha ya akiba. Asubuhi moja, kama saa mbili, tukiwa tunakunywa chai, simu yake ikalia. Alisikiliza amesimama. Wachezaji wawili walikuwa wamejitoa, nafasi kwenye mechi za mchujo ilikuwapo, ila lazima afike mwenyewe na kusaini kabla ya saa kumi na mbili jioni.

"Raketi zako ziko wapi?" nilimuuliza.

Akajishika kichwa. Nne zilikuwa mjini kwa mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye nyuma ya magunia ya misumari alikuwa na mashine ya kufungia nyuzi. Nikamwita jirani mwenye gari la Noah. Tulipofika dukani mzee alikuwa kwenye raketi ya mwisho, na hakukubali kuharakishwa.

"Nikiharakisha itakatika seti ya kwanza," alisema. "Kaeni."

Tukakaa. Alipomaliza aliigonga raketi kwa kiganja, akasikiliza mlio wake, ndipo akatukabidhi.

Nilimsindikiza hadi Holili, mpakani. Ofisa wa pale alitazama pasi yake ya Serbia, akauliza Mombasa anafuata nini.

"Tenisi."

"Ahaa! Kama yule bingwa wenu wa dunia?"

Swali hilo alikuwa ameulizwa na kila mtu, kuanzia muuza parachichi hadi paroko. "Tunatoka nchi moja," alijibu. "Yeye ana mpishi wake, ana wa kumkanda, na ana kocha. Mimi nina Mama."

Ofisa akanigeukia, akagonga muhuri. "Shikamoo, kocha."

Saa kumi na nusu ulifika ujumbe: amesaini.

Binti yangu alinionyesha pa kufuatilia matokeo kwenye simu. Hakuna picha, ni tarakimu tu zinazobadilika. Asubuhi iliyofuata akina mama wa kwaya walikuja kunisaidia kuanika kahawa, na kazi haikwenda. Kila tarakimu ilipobadilika tuliacha kahawa. Akashinda. Kesho yake akashinda tena, akaingia mashindano yenyewe. Akashinda na mechi ya kwanza huko, seti tatu, na mwalimu wa kwaya akapiga vigelegele ambavyo sikujua anavyo. Siku iliyofuata alifungwa haraka sana.

"Kashindwa?" aliuliza mwalimu.

"Kashindwa leo. Jana alishinda."

"Basi tuishangilie ya jana, hatukuimaliza."

Alicheza mwaka mmoja na nusu zaidi. Tulimfuata kwenye simu katika miji ambayo hadi leo siwezi kuitamka, na jina lake likapanda mpaka nikawa nalipata bila kuchoka kidole. Kisha goti likakataa. Alinipigia mwenyewe kuniambia ameacha. Nilijiandaa kumfariji, lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyeshiba. Anafundisha watoto katika mji wake, na jioni anarudi nyumbani kwake, kitandani kwake.

Mwaka jana alikuja na mchumba wake, daktari wa meno. Alikuwa amenenepa, na alikuwa akilala mpaka saa tatu asubuhi. Mchumba alifurahia kila kitu, hasa kahawa, ila aliniona natafunia upande mmoja akaniomba nifungue mdomo. Akaligonga jino langu la nyuma kwa kijiko, nikaruka.

"Hilo ling'olewe," alisema.

Nilikwenda kuling'oa wiki ile ile.