Shati Langu kwa Mpiga Pasi

Mpiga pasi wa mtaani kwetu hulamba kidole, hugusa pasi, tsss, ndipo huanza kazi. Mimi hutengeneza matangazo ya magari, na kila tangazo jipya humwekea kwanza kwenye televisheni ya kibanda chake. Gari likipanda mlima, pasi inakwenda. Likitimua vumbi jangwani, pasi inakwenda. "Kwani hilo gari halina kwao?" huguna, macho yakiwa kwenye kola. Jana nilimwekea tangazo la baba aliyefika nyumbani, akazima injini, akabaki amekaa. Pasi ikasimama.

"Mbona hashuki?"

"Mtoto kalala kiti cha nyuma."

"Basi asimwamshe," alinong'ona, huku shati langu likifuka moshi.

Leo bosi ameuliza nina hakika gani kuwa tangazo litauza. Nimevua koti, nikamwonyesha tundu la pasi mgongoni.