Mgeni wa Ukutani

Majina sitataja. Lakini wakosaji nitawaonyesha kwa vyeo vyao, na mtu wa Uriri akisoma hapa atajua ninasema nani.

Mkosaji wa kwanza ni mwalimu mkuu wetu. Tableti za chekechea zilipoletwa shuleni, pamoja na projekta ndogo ya kutupa picha ukutani, alizipokea kwa maombi, akapigwa picha akiwa amezikumbatia, kisha akazifungia kwenye kabati la ofisi yake. Alisema zisije zikaharibika. Na kweli hazikuharibika, hata panya walizipa heshima. Kila nilipoomba moja nijaribu, alinitazama kama mtu anayeombwa figo.

"Nyar Mbita," alikuwa akiniambia, maana huku nilikoolewa wananiita binti wa Mbita, "hiki kitu si mwiko wa ugali. Ngoja semina."

Mkosaji wa pili ni shemeji yake, dada mdogo wa mke wake. Alikuwa na diploma, kucha nyekundu na simu mbili. Alikuja shuleni kwetu ati kujitolea, lakini sikumwona akijitolea kitu zaidi ya kukaa kwenye ofisi ya walimu na kunywa chai yetu. Mimi niliacha shule kidato cha pili. Cheti changu cha chekechea nilikisomea wakati wa likizo, mtoto mgongoni. Nimemzika mume, ndugu zake wakajaribu kuning'oa bomani na nikabaki, walimu wakuu wamekuja na kuondoka, na darasa langu la watoto wadogo bado ninalo. Kama kuna mtu anataka kunitoa, aje na trekta.

Basi trekta ilikuja. Tuliambiwa mkataba utaongezwa tu kwa mwalimu wa chekechea anayeweza kufundisha kwa mitambo, na afisa wa elimu atapita darasani aone kwa macho yake. Asiyeweza, darasa lake litapewa mwingine. Wiki hiyohiyo yule shemeji akaanza kuniuliza chaki huwa naweka wapi.

Mkosaji wa tatu ni mkufunzi wa semina. Tulikusanywa Homa Bay, walimu wa kwao na wa kwetu Migori, ndani ya ukumbi unaotazama ziwa. Mkufunzi alikuwa kijana wa suruali ya kubana. Kidole chake kilidonoa kioo cha tableti kama kuku kwenye mahindi, na kila alipomaliza alisema, "Ni simple tu, madam." Kwa nani? Vidole vyangu vimelima miaka mingi, ngozi imekuwa soli. Niligusa, tableti haikusikia. Nikagusa tena, ikanyamaza kama mkwe.

Mama mmoja kutoka Oyugis aliyekaa karibu nami alininong'oneza, "Lamba kidole kwanza, dada. Kama unafungua Biblia."

Nikalamba. Kitu kikaamka kwa wazimu, kikafungua kila mlango kiliokuwa nao, kikaanza kunipiga picha.

"Madam, tafadhali!" yule kijana alipiga kelele. "Mate hapana!"

Ukumbi mzima ulicheka, na yule mama wa Oyugis alicheka kuwashinda wote, yeye aliyenishauri. Kutoka semina hiyo nilirudi nyumbani na vitu viwili: kuwasha projekta, na kumsimamisha anayeongea kwenye video. Ukigusa katikati ananyamaza, ukigusa tena anaendelea. Mengine yote yalibaki ziwani.

Siku ya afisa, mwalimu mkuu alifungua kabati asubuhi ileile. Kwa hiyo watoto wangu hawakuwa wameona kitu kama hicho hata mara moja. Niliziba dirisha kwa leso ili giza liingie. Afisa, mzee mnene mwenye sauti ya upole, alipewa kiti cha wageni. Mwalimu mkuu alichukua kiti changu bila kuniuliza. Shemeji yake alisimama mlangoni, mikono amekunja, kama mtu aliyekuja kuona nyumba ya kuhamia.

Nikafuta kidole kwenye sketi, nikaomba kimoyomoyo, nikagusa. Mwanamke akatokea ukutani, mkubwa kama mtu wa kweli, amevaa kitenge, anatabasamu.

"Hamjambo, watoto?"

Darasa zima lilisimama wima.

"Hatujambo, mgeni wetu! Karibu, mgeni wetu! Jisikie nyumbani!"

Na hapa lazima nimrudie mwalimu mkuu. Mwaka uliopita mwenyekiti wa wazazi alitutembelea, watoto wakamsalimu wakakaa kabla hajawaruhusu. Mwalimu mkuu alinigombeza mbele ya watu, ati nalea mbuzi. Tangu hapo niliwafunza hawa watoto kwa ukali: mgeni akiingia mnasimama, na hakuna makalio kugusa benchi mpaka mgeni mwenyewe aseme asanteni, kaeni.

Mgeni wa ukutani hakusema kaeni. Alisema, "Vizuri sana! Leo tutahesabu samaki!" Samaki wakaanza kuogelea. Mmoja, wawili, watatu. Watoto wamesimama kama askari, macho mbele, hakuna anayehesabu.

"Waambie wakae," mwalimu mkuu alininong'oneza.

"Kaeni," nikasema.

Hawakukaa. Msichana mmoja wa benchi la mbele alinitazama kwa huruma. "Madam, mgeni hajasema."

"Sit down!" mwalimu mkuu alinguruma. Wachache walikunja magoti, wakamtazama yule mwanamke, wakanyooka tena.

Mlangoni nikasikia kicheko kidogo cha pua. Hicho kicheko kilinichoma kuliko maneno. Niliona darasa langu likienda, na kabati langu la vitabu, na ukuta niliopaka chokaa kwa mikono yangu.

Yule msichana hakuwa amemaliza. Alitoka kwenye benchi, akamwendea mwalimu mkuu, akasimama mbele yake kwa adabu kabisa.

"Mwalimu, mgeni hana kiti."

"Rudi mahali pako!"

"Lakini wewe umekaa, na yeye amesimama."

Mwalimu mkuu akageuka rangi ya maini. Afisa ndiye aliyeinuka. Alibeba kiti chake mwenyewe mpaka ukutani, akakiweka chini ya yule mwanamke, akarudi nyuma na kuegemea ukuta. Watoto wakasubiri mgeni akae. Mgeni akaendelea kusimama, kiti kimemkata miguu, huku akisema, "Mmeona? Tumewamaliza samaki wote!"

Nikagusa katikati. Akanyamaza, mdomo wazi, mkono juu.

"Mayoo, amekufa!" mtoto mmoja akalia.

"Hajafa. Anapumzika."

Sijui akili hiyo ilitoka wapi. Labda kanisani. Kwetu mhubiri mgeni hahubiri peke yake, lazima asimame na mkalimani ubavuni. Anasema kidogo, ananyamaza, mkalimani anatusemea kwa Kijaluo. Basi nilikwenda nikasimama ubavuni mwa yule mwanamke. Nikamwinamia, nikatega sikio ukutani, nikatikisa kichwa mara mbili tatu kama ninaelewa mambo makubwa, nikawageukia watoto.

"Mgeni anasema asanteni sana. Anasema mmesimama vizuri kuliko shule zote. Sasa anasema, beduru piny!"

Wakakaa wote kwa kishindo kimoja, kama gunia la maharagwe.

Nikagusa tena ili tuendelee. Kidole changu cha jembe kikagusa pasipofaa, video ikarudi mwanzo.

"Hamjambo, watoto?"

Wakasimama. "Hatujambo, mgeni wetu! Karibu..."

Safari hii nilikuwa mwepesi. Nikamsimamisha, nikatega sikio, nikawakalisha. Afisa alikuwa ametoa kitambaa, anajifuta macho. Sikujua kama ni mafua au ni kicheko, na sikuwa na nafasi ya kuuliza.

Baada ya hapo tulikwenda kama ibada. Mgeni anauliza samaki ni wangapi, namsimamisha, naeleza kwa Kijaluo, watoto wanakuja ukutani kuwagusa na kuhesabu. Samaki mmoja alimwangukia kijana mfupi mgongoni, ikabidi ahesabiwe akiwa hapohapo, mwenye mgongo akilia kwamba anataka kumwona. Wakipata jibu naachilia video, na mwanamke anasema, "Vizuri sana!" Wangepiga mbinja kama wangejua kupiga. Walikuwa wamesikilizwa na mgeni.

Tulipomaliza, afisa alikuja mbele. "Madam, hii njia ya kumsimamisha na kumtafsiria, ulifundishwa na nani?"

Kabla sijafungua mdomo, mwalimu mkuu alikuwa ameruka. "Ni mpango wa shule, bwana afisa. Tumeufanyia kazi muda mrefu."

"Na mbona watoto wanaonekana hawajawahi kuona projekta?"

Mwalimu mkuu akakohoa. Shemeji yake akaona aokoe mambo kutoka mlangoni. "Lakini, sir, wamepoteza muda mwingi wakisimama. Mwalimu mwenye ujuzi angeweza..."

"Huyu ni nani?" afisa akauliza.

Mwalimu mkuu alimtazama shemeji yake, akamtazama afisa, akatazama dari.

"Ni mzazi," akasema.

Uso wa yule dada ningeufanya kalenda niutundike jikoni.

"Basi mzazi atusubiri nje," afisa alisema. Akaketi kwenye benchi la watoto, magoti yamefika kidevuni, akatoa karatasi za mkataba kwenye mkoba na kunionyesha pa kutia sahihi. Akamwambia mwalimu mkuu mitambo ilale darasani kuanzia leo, na ufunguo uwe kwangu. Mwalimu mkuu alisema hilo ndilo alilokuwa anataka kupendekeza.

Ijumaa, kwenye mkutano wa wazazi, alisimama akaeleza jinsi alivyoketi nami kwa uvumilivu mpaka nikaelewa teknolojia. Wazazi wakampigia makofi. Nami nilipiga, tena kwa nguvu kuliko wote. Mkataba ulikuwa nyumbani, chini ya godoro, umeshapigwa muhuri.