Maji Ndani ya Oili

Mara ya tatu Kasimiri alipochomoa kijiti cha kupimia oili na kukuta utelezi mweupe kama chai ya maziwa iliyopoa, alikifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena, kana kwamba safari hii kingemwonea haya. Weupe ulikuwa ule ule. Lori lake la maji, lenye tangi la lita elfu kumi, lilikuwa limezima lenyewe mbele ya nyumba isiyoezekwa huko Chanika, na waashi watatu walikuwa wamekaa juu ya matofali wakisubiri maji ya zege.

"Mzee, pampu haifanyi kazi injini ikizima. Sasa inakuwaje?" mmoja akauliza.

"Fungueni koki ya nyuma, mkinge kwa ndoo," Kasimiri akajibu, na sauti yake ikawafanya wasiulize tena.

Alikuwa mtu wa Masasi, mkazi wa Kiwalani, umri umeshaipita hamsini na tano. Alikuwa utingo miaka kumi na moja, dereva wa magari ya watu miaka tisa, ndipo yeye na dada yake Flaviana, mwalimu mstaafu, wakanunua lori hili. Nusu ilikuwa ya Flaviana, kutoka kwenye kiinua mgongo chake. Hakuwahi kushika usukani hata siku moja, lakini nusu yake aliijua.

Injini ile ilikuwa imeanza kuchanganya maji na oili miezi minne nyuma. Albano, fundi wake na mtu wa kwao, alisema ni gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye oili. Akabadili. "Hii sasa imepona," akasema. Mwezi haukuisha, weupe ukarudi. Akabadili nyingine, akasema vile vile, na sasa Kasimiri alikuwa anavutwa kwa mnyororo kutoka Chanika hadi Kiwalani, shingo imekaza, akitazama matako ya lori la mwenzake njia nzima.

Gereji kila mtu alikuwa na neno lake. Dereva mmoja alimwambia aitupe, anunue injini ya mtumba Buguruni, siku mbili tu yuko barabarani. Mwingine akacheka. "Injini ya mtumba ni mchumba wa kwenye simu," akasema. "Hujui atakayeshuka stendi ni nani." Kasimiri aliwasikiliza wote hadi kichwa kikamuuma. Moyoni alishaamua: ataifufua ile ile. Ndiyo injini pekee aliyowahi kuiita yake. Alijua inavyokohoa asubuhi za mvua na inavyonguruma ikishiba mzigo.

Albano naye alitaka hivyo. "Tunafungua yote," akasema. "Slivu mpya, pistoni, ringi, beringi. Inarudi kama ilivyotoka kiwandani."

Jumamosi Flaviana akafika gereji na mkoba wake wa begani. Aliitazama injini iliyokwisha kutawanywa juu ya magunia, kisha akauliza, "Hili bloku limepimwa?"

"Dada Flaviana, mie kazi hii naifanya mwaka wa thelathini," Albano akajibu bila kuinua uso.

"Sikukuvunjia heshima, fundi. Nimeuliza kama limepimwa."

Kasimiri alihisi damu inampanda. Wiki ya tatu sasa hajasomba hata tangi moja, na dada yake analeta mambo ya darasani. "Dada, litapimwa," akasema, ili tu yaishe.

Jumatatu akalipakia bloku, lile pande la chuma lenye silinda, kwenye kirikuu cha kukodi, akalipeleka Temeke kwa wachonga vyuma. Aliyelipokea alikuwa mwanamke wa makamo, Herieth, ovaroli yake imeloa mafuta hadi magotini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nipimie tu upesi, nina safari."

Herieth hakuwa na haraka. Alilisugua bloku kwa brashi ya waya mpaka rangi ikabanduka, akainama, akapitisha kidole mahali pamoja, akakirudisha. Kisha akaziba matundu ya maji, akafunga mpira wa kompresa, akapaka povu la sabuni na kusukuma upepo. Ndani, chini ya silinda ya nne, vikatokea viputo vidogo vimejipanga mstari, urefu wa kiganja.

"Hapa palipasuka, baba. Pakachomelewa, pakapakwa rangi. Si jana wala juzi."

Kasimiri aliviangalia vile viputo vikipasuka na kuzaliwa vingine. "Huwezi kupachomelea tena?"

"Naweza. Ila nikikwambia patadumu nitakuwa nakudanganya. Hizo slivu mpya utakuwa unajengea juu ya msingi uliokatika."

Injini ile ilikuwa imefunguliwa mara moja tu kabla ya mwaka huu, miaka sita nyuma, ilipochemka. Na aliyeifungua alikuwa mmoja.

Alimkuta Albano anaosha pistoni kwenye karai la dizeli.

"Mwaka ule ilipochemka," Kasimiri akasema, "ulikuta bloku limepasuka."

Albano aliendelea kusugua. "Nililikuta."

"Ukachomelea. Ukapaka rangi. Ukaniambia kazi imeisha."

"Kasimiri, mkeo Yustina alikuwa kalazwa mwezi wa pili mfululizo. Hali, hanywi, wewe unalala kwenye benchi la wodi. Ningekwambia injini imekufa ungefanya nini? Nikakuvusha. Miaka sita imekuvusha."

Hasira ya Kasimiri iliyumba kidogo. Ndipo akakumbuka. "Na gasketi mbili za mwaka huu?"

Albano aliacha kusugua. Alikaa na pistoni mkononi, dizeli inamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Nilikuwa naomba Mungu iwe gasketi," akasema mwishowe.

Kasimiri akaondoka. Alitembea hadi nyumbani kwa miguu, akampita jirani bila salamu, akakaa kitandani na viatu. Kilichomkera si uongo wa kwanza, maana ule ulikuwa na huruma ndani yake. Kilichomkera ni miezi minne ya kuvutwa kwa mnyororo na kuwaangalia wateja wakipiga simu kwingine, ilhali kuna mtu alikuwa anajua.

Flaviana hakumwambia "nilisema." Alisema tu, "Basi ni kubadili," na siku ya pili wakaenda Buguruni.

Muuzaji, Wilbert, alikuwa na injini saba zimepangwa juu ya matairi, zimeoshwa, zimepakwa rangi ya fedha. Akawasha moja palepale chini. "Sikiliza mwenyewe, mzee wangu. Hii chuma."

Kasimiri alisikiliza, na hakusikia kitu. Tangu anunue lori lake alikuwa amejifunza sauti ya injini moja tu. Hii ingeweza kuwa nzima, ingeweza kuwa maiti iliyopambwa, naye asingejua. Aligeuka amwambie dada yake waondoke, akamwona Albano anavuka barabara.

"Nani kamwita huyu?"

"Mie," Flaviana akasema. "Masikio anayo, hata kama mdomo umemponza."

Hawakusalimiana. Albano alifungua kifuniko cha oili cha injini ya kwanza, akaweka kiganja juu ya tundu kupima upepo unaotoka, akatikisa kichwa. Ya pili hivyo hivyo. Kisha akaenda nyuma kabisa, kwenye moja iliyojaa vumbi na oili iliyogandamana, akamtaka Wilbert afungue sampo, karai la oili la chini ya injini. Akaingiza tochi, akachungulia humo muda mrefu.

"Chukua hii," akasema. "Hii haijapakwa rangi."

Maneno yalimtoka kabla hajayasikia. Akayasikia, akainamisha macho, akawa anafuta mikono ambayo haikuhitaji kufutwa. Kasimiri alimwacha afute.

Siku mbili za yule dereva wa gereji zikawa wiki nne. Vishikizo vya injini havikulingana na chesisi, vikakatwa na kuchomelewa vingine. Namba ya injini ikabidi ibadilishwe kwenye kadi ya gari, na kila alipofuatilia aliambiwa bado. Mteja wake mkubwa wa Chanika akachukua lori jingine. Albano alifunga injini kimya, akiomba spana kwa kunyoosha mkono tu.

Safari ya kwanza, tangi limejaa, Kasimiri alishika mlima wa Pugu akiwa amekaza meno. Lori likapanda kwa gia ya tatu, jambo ambalo lile bloku la zamani lilishaacha kulifanya. Alitaka kufurahi, lakini mngurumo ulikuwa wa kigeni, kama mtu asiyemjua anakohoa sebuleni kwake. Juu ya mlima akaegesha, akafungua kifuniko cha injini, akakagua. Paipu ya oili ilikuwa inadondosha, tone moja moja.

Akasimama pale akiyahesabu matone, akatukana kimoyomoyo, kisha akatoa simu.

"Paipu ya oili inavuja. Ile ya chini."

"Imepanda lakini?" Albano akauliza.

"Imepanda. Kesho saa moja uje na klipu mpya. Na ukikuta kingine chochote humo, uniambie."

"Nitakwambia," Albano akasema.

Kasimiri akakata simu, akafuta mikono, akaendelea na safari kwa mwendo wa pole, jicho moja barabarani, jingine kwenye taa ya oili.