Plagi Iliyoingia Vizuri

Nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima katika kijiji cha ujamaa, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka stesheni ya Bukene. Kila alasiri, baada ya kazi ya shamba la pamoja, darasa langu lilisikiliza vipindi vya kisomo katika redio ya kijiji. Kisha betri za redio zikaadimika madukani. Mwenyekiti wa kijiji akaleta betri kuukuu ya lori, nami nikapata waya wenye plagi kwa Mhindi muuza vipuri, Tabora mjini.

Plagi iliingia vizuri kwenye tundu la redio, ikabana. Nikaunganisha na betri, darasa zima likitazama. Redio ikakoroma mara moja, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza.

"Imekufa?" akauliza mama mmoja, mkubwa wao kwa umri.

"Nimeiua mimi, mama."

Hakunilaumu. Alifungua daftari lake akangoja niandike herufi ubaoni.

Kesho yake nilirudi Tabora kwa treni, redio mkononi, betri begani. Fundi wa redio alikuwa mzee wa pale mjini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kaunganisha hii?"

"Mimi. Plagi iliingia."

"Kuingia itaingia tu. Maandishi haya ya nyuma uliyasoma?"

Sikuyasoma, mimi niliyewafundisha wengine kusoma. Redio ilitaka volti tisa, betri ilitoa kumi na mbili, tena nilipeleka chanya kwenye hasi. Mzee alitoa vipande viwili katika redio mbovu, akavichomea kwenye yangu. Akazigeuza nyaya za plagi. Kisha akanionyesha kwamba betri ina vyumba sita, kila kimoja volti mbili.

"Tutachukua vinne. Volti nane hazitoshi sawasawa, lakini redio itasema."

Aliichaji hadi siku ya pili. Kutoka Bukene nilipumzika njiani mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Bega lilikuwa limevimba, na asidi ya betri ilikuwa imetoboa shati langu la pekee la kazi.

Nilipofika niliunganisha tena, safari hii nikisoma kila alama kwa sauti. Redio ikasema, kwa sauti ndogo. Wanafunzi walikuwa saba tu. Wengine walikuwa hoi kwa kupalilia. Yule mama alisogeza kigoda karibu, akainamisha sikio.

"Mwalimu, wewe lala," akasema. "Tutakueleza walichosema."

Nikajinyoosha juu ya mkeka palepale darasani, nikalala.