Mvua Ndani ya Gari la Zahanati

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya hamsini, Bwana Afya wa Garsen alinikabidhi mimi, dereva wake mpya, ufunguo wa gari la zahanati akasema, "Hii ndiyo nyumba yako. Ikivuja, utalala nje wewe."

Lilikuwa na bodi ya mabati matupu, vitanda viwili, stovu ya mafuta ya taa na dirisha dogo kila upande. Masika yalipoingia na baridi yake, dari likaanza kudondosha maji. Nikaziba kila kiungo kwa lami, nikabana madirisha kwa vipande vya mpira. Nilivyozidi kuziba ndivyo matone yalivyozidi. Siku moja ya jua nilipanda juu nikamwaga debe zima la maji pale paani, lisipenye hata tone. Niliduwaa. Sasa maji yalitoka wapi?

Jibu nililipata siku Mto Tana ulipofurika, feri ikasimama. Garini nilikuwa na Halima wa kijiji cha Wema, aliyejifungua kabla ya miezi kutimia, kichanga chake, na mama yake, Bi Hadija. Hospitali ilikuwa ng'ambo. Bwana Afya alikuwa ameniagiza, "Mtoto asilowe. Akilowa kwa baridi hii, hatufiki naye."

Basi nikafunga madirisha yote. Bi Hadija naye, kama ilivyo desturi, akabandika sufuria ya maji ya kumkanda mzazi. Maji yakachemka, mabati yakatoa jasho, tone likamwangukia mtoto shavuni. Hapo ndipo nilipoona. Mvuke wa sufuria na pumzi zetu wenyewe vilikuwa vikigusa bati la baridi na kugeuka maji. Subhanallah, mvua ilikuwa ni sisi!

"Mama, sufuria itoke nje," nikasema.

"Kijana, wewe wataka mwanangu asikandwe? Umezaa mara ngapi wewe?"

"Akandwe, Mama. Maji tu ndiyo yachemkie nje."

Nikawamba turubai nje, juu ya mlango, nikahamishia stovu chini yake. Nikafungua madirisha yote mawili upana wa kidole, mvuke upate pa kutokea. Bi Hadija alinuna, lakini alipangusa mabati kwa kitambaa kikavu, kisha akafungua mzigo wake na kutundika mikeka kati ya kitanda na bati. Kufikia alasiri dari lilikuwa kavu.

Ndipo Halima akasema, "Hapumui."

Nikachukua kioo changu cha kunyolea, nikakisogeza puani mwa mtoto. Asubuhi kioo hicho kilikuwa kimejaa mvuke kote, kisingetuambia lolote. Sasa kilikuwa kikavu. Tukangoja. Doa la ukungu, dogo kuliko punje ya mahindi, likatokea, likafifia, likatokea tena. Bi Hadija akaketi sakafuni kwa kishindo. "Alhamdulillahi," akasema, akalia.

Kesho yake feri ilituvusha, mtoto akiwa hai.

Nilitumikia mabwana afya wengi baada ya huyo, kutoka Bura hadi Kipini, na kila dereva mpya nilimfundisha: pikia nje, acha madirisha wazi kidogo, weka mkeka nyuma ya godoro, pangusa mabati kila asubuhi. Sasa nimestaafu. Wajukuu hunicheka wakinikuta nimekisogelea kioo cha ukutani, nakipumulia, kisha nangoja. Nautazama ukungu ukififia, nami bado nastaajabu kwamba mtu mzima, mwenye wanawe leo, aliwahi kuenea ndani ya kidoa kile.